Jing Laishun, Aliyenyamaza Akiwa Mwekundu

Ndugu na majirani, nanyi wa kikundi cha opera, asanteni kwa kuja licha ya tope hili. Mimi ni Xue Qiaolian, mke wa marehemu. Mjukuu wangu Caixia ananisomea, maana herufi na mimi hatujawahi kusalimiana.

Mume wangu Jing Laishun alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Dongpo, Yuncheng, mkoani Shanxi, mtoto wa tatu wa mzee Jing Genwang. Mama mkwe alisema alilia kwa nguvu hata kunazi zikapukutika mtini. Machi mkunazi hauna hata jani, lakini nani angebishana na mama mkwe?

Alisoma shule ya msingi ya kijiji, 1949 hadi 1954. Kwa maneno yake mengi mwalimu alimkalisha peke yake karibu na ukuta. Akaongea na ukuta.

Mwaka 1956 aliingia kikundi chetu cha opera, na kuanzia 1961 akacheza Jemedari Guan Yu, mtu wa kale wa huku kwetu, tunayemfukizia ubani kama mungu. Mwiko wake mnaujua: mchezaji akishapakwa uso mwekundu, haongei ila jukwaani, wala haitwi kwa jina lake, mpaka aufute. Na usoni huwekwa doa moja jeusi, binadamu asije akajifanya ndiye Jemedari mzima. Kwa domo kama lile, mwiko huo ulikuwa mlima.

Vuli ya 1962 mshenga alituleta, baba na mimi, nyuma ya jukwaa kabla Laishun hajanawa ile rangi. Baba alikuwa mtu wa milimani, hakujua mwiko.

"Kijana, unajua kulima?"

Kimya. Laishun akapapasa ndevu za Jemedari.

"Wazazi hawajambo?"

Kimya.

"Bubu!" baba akafoka. "Simwozi binti yangu kwa bubu, hata awe mwekundu kama pilipili!"

"Si bubu, mzee, ni mwiko," mshenga akalia.

"Mwiko wa kuwasalimia wakwe?"

Nilimwona jasho likimtiririka hadi kwenye doa, na macho yakinisihi. Nikasema, "Baba, aliyeweza kukunyamazia wewe, mimi ataniweza." Tulioana tarehe 12 Desemba mwaka ule. Akaanza kuongea pale pale karamuni, na kwa miaka sitini hakumaliza. Nashukuru kwa kila neno, hata yale ya uongo.

Miaka michezo ya kale ilipokatazwa alilima ngano, na zile ndevu za Jemedari nilizishonea ndani ya mfarishi zisionekane. Mwanetu Baosheng alizaliwa juu ya mfarishi huo, mtazameni kidevu. Mwaka 1979 Laishun alirudi jukwaani.

Februari 2021 alipata kiharusi. Aliongea kwa nusu mdomo, na nusu hiyo ilitosha kulalamikia tambi zangu. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 4 Novemba 2023, akiwa na miaka 82. Tunamshukuru daktari wa kijiji, na majirani waliomgeuza kitandani.

Jana Pei Wenkui, kiongozi wa kikundi, alikuja na kisahani cha rangi nyekundu.

"Shangazi, tumpe heshima yake. Azikwe akiwa Jemedari."

"Wenkui, akiwa mwekundu anaongea?"

"Haongei, Shangazi."

"Anaitwa jina lake?"

"Hapana."

"Sasa kesho nimlilie nani? Na nikimsemesha kaburini, anijibu vipi?"

"Lakini kikundi kizima kimekubaliana."

"Kikundi kizima kiliolewa naye?"

Akacheka, kisha akalia, kisha akaleta maji ya vuguvugu, akamwosha marehemu uso yeye mwenyewe. Nikamruhusu jambo moja: lile doa jeusi. Ndilo lililokuwa la Laishun siku zote.

Ameniacha mimi, mwana wetu Baosheng, binti yetu Yulan, wajukuu wanne na kitukuu mmoja ambaye, naishukuru Mbingu, hanyamazi.

Pumzika, Jing Laishun, kwa uso wako mwenyewe. Nanyi mtakaoshusha jeneza, mwiteni kwa jina, tena kwa sauti. Leo anaruhusiwa kuitika.