Walisema Mtoto Huyu Hana Mtu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata kwa sauti inayotetemeka, maana hii yangu inatetemeka. Wanaonijua wanajua mimi si msemaji. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, na tangu hapo kazi yangu ni kupinda pindo za nguo na kutia vifungo kwa fundi cherehani hapa Kamalondo. Lakini wamama wa kikundi chetu cha sala wameniambia kwamba mtu akiokolewa kisha akanyamaza, anamnyima Mungu haki yake. Basi nimesimama.

Kwa mama yetu tuko watatu. Mimi ndiye wa kwanza, Kabamba ananifuata, na wa mwisho ni Ngoie. Baba alikuwa mchimbaji upande wa Kambove, na udongo ulimfunika pamoja na wenzake kabla Ngoie hajazaliwa. Mama alimzaa, akamnyonyesha, akaanza kukohoa. Alipotutoka, Ngoie alikuwa bado anatambaa. Alijifunza kutembea akishika sketi yangu. Kwetu Lubumbashi ndugu mkubwa anaitwa yaya, na hilo ndilo neno la kwanza mtoto huyu alilolitamka.

Shida tuliipata. Kuna siku bukari, ugali wetu, ilikuwapo na mboga haikuwapo, na kuna siku hata bukari haikuwapo. Lakini shida mtu anaizoea, ndugu zangu. Hofu ndiyo sikuweza kuizoea.

Ilianza siku baba mkubwa alipokuja kututembelea. Ni kaka wa marehemu baba, na analinda majengo upande wa Kasapa. Aliketi, nikamletea maji, akayakataa. Nikajua kuna neno. Alisema tumepata bahati kubwa: kuna mume na mke wametoka Ulaya, wanatafuta mtoto wa kulea, na bwana mmoja wa mjini anawaongoza. Alikuwa amekwisha kuwapa habari za Ngoie.

"Atasoma, atakula muzuri, atakomala, kisha atarudia kutusaidia," alisema. "Kwani baba yenu hakukomalia Kambove kwa shangazi yake? Alipotea? Alirudia na akili!"

Na ni kweli. Kwetu mtoto anaweza kukaa kwa shangazi au kwa bibi miaka mingi, na bado ni wa kwao. Siku ya kilio anaitwa, siku ya ndoa anaitwa. Baba mkubwa si mtu mbaya, sitaki mmfikirie hivyo. Alinitia hofu kwa sababu alikuwa na furaha.

Nikamwambia, "Baba mukubwa, Ulaya haiko sawa na Kambove."

Akacheka. "Weye uliona Ulaya wapi? Ku cherehani?"

Tangu siku hiyo, gari likisimama mbele ya parselle yetu, kiwanja tunapokaa, mikono yangu ilisimama pia. Siku moja nilijichoma sindano na damu ikaingia kwenye blauzi nyeupe ya mteja. Majirani walilijua jambo letu, wakalifanya kuwa mazungumzo ya asubuhi. Mama Kalenga, anayeuza mikate mlangoni, aliuliza kwa sauti kubwa, "Hawa bazungu, kwabo batoto baliisha sawa vile sukari inaisha ku duka?"

Kijana mmoja wa pikipiki akamjibu, "Mama, siku hizi banakuya bengi. Bale benyewe banaoa na mvi ku kichwa. Batazala saa ngapi?"

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Usiku na mchana nilisikia maneno mengine pia, mabaya, kwamba watoto wanapelekwa kufanyishwa hiki na kile, na siwezi kuyarudia hapa mbele ya watoto. Nilianza kwenda kazini na Ngoie mgongoni, nimemfunga na kitenge, ingawa miguu yake ilikwisha kuwa mirefu na ilining'inia mpaka magotini mwangu. Akaniuliza, "Yaya, mi niko mugonjwa?"

Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, mbaya zaidi. Je, kama baba mkubwa anasema kweli? Kama ninamshika mtoto huyu kwa ajili yangu mwenyewe, na kule angekula, angesoma, angekuwa na daktari? Mama alikohoa bila daktari! Nilishika rozari, na maneno yakaniishia. Nikawa nasema tu, "Bwana, unaona. Bwana, unaona."

Likaja neno la baba mkubwa: Jumamosi asubuhi, nimlete mtoto Kasapa, ameoga, amesukwa. Wageni wanataka kumwona. Ndugu zangu, kwetu humfichi kaka wa baba mtoto wa ndugu yake. Nilimkalisha Ngoie katikati ya magoti yangu nikamsuka, na vidole vilikataa. Mistari ilienda upande. Nilisuka kama mtu anayetengeneza maiti. Kabamba alisimama mlangoni, hakutaka kuja. "Sisemi kwaheri," alisema, akatugeuzia mgongo.

Nilitembea na kuomba. Sikuomba Mungu awapige wale watu. Niliomba tu asiniache nifunge kinywa.

Tulikuta viti vya plastiki vimepangwa uani kwa baba mkubwa. Mume alikuwa kimya, mrefu, anajipangusa jasho. Mke hakuwa kijana tena. Walisema lugha yao, si Kifaransa, na yule bwana wa mjini alitafsiri. Nilikuwa nimejitayarisha kuona mwizi. Nikaona mwanamke anayechuchumaa ili uso wake uwe sawa na uso wa mtoto, na ambaye amejifunza kusema, "Jambo, Ngoie." Na Ngoie, ambaye haogopi mtu, akamwendea, akashika nywele zake, akacheka! Nilijua namna ya kupigana na mwizi. Na huyu je?

Baba mkubwa akauliza kwa nini wamekuja mbali hivi. Mwanamke alieleza bila haraka. Alisema walitafuta mtoto wao miaka mingi, na hospitali nyingi. Kwao, watoto wasio na walezi ni wachache, na watu wanaosubiri kupewa ni wengi, kila mwaka wanazidi. Wao wenyewe waliambiwa umri wao umepita. Rafiki zao walikuwa wamemleta mtoto kutoka nchi nyingine, wakaona nyumba ile imejaa sauti, nao wakasema, labda nasi. Kisha akasema, "Na tuliambiwa kwamba hapa kuna watoto wasio na mtu."

Baba mkubwa alitikisa kichwa kwa huruma. Akaona mambo yanakwenda vizuri, akasogeza kiti chake, akamwambia yule bwana, "Basi muulize mama: atakuwa anatuletea mutoto ku vacances, masomo ikifungwa, kila mwaka, ao kila miaka mbili? Tutayarishe nyumba."

Yule bwana akatabasamu. "Papa, hiyo hatuwezi kuuliza leo."

"Uliza tu."

"Papa, acha."

"Mi njo mukubwa wa famille. Uliza!"

Akauliza. Mwanamke hakuelewa. Aliangalia mume wake, wakasemezana. Kisha jibu likaja, na yule bwana alilitafsiri akiangalia chini: mtoto atakuwa wa kwao kabisa, kwa jina lao na kwa sheria yao. Akikua, kama atataka, labda siku moja watakuja kumwonyesha nchi alikozaliwa.

Baba mkubwa alirudisha kiti chake nyuma. "Kumuonyesha inchi?" alisema. "Sawa vile mugeni?" Akamtazama Ngoie, kisha akanitazama mimi, na ndipo nilipoona kwamba hofu yangu imemwingia yeye pia.

Wakati huo mwanamke alikuwa ananiangalia mimi. Ngoie alikuwa amerudi na kushika sketi yangu, pale alipojifunzia kutembea. Mwanamke akauliza kitu, na yule bwana akasita. Lakini mkono ulionyooshwa hauhitaji mkalimani. Alikuwa anauliza mimi ni nani.

Ndugu zangu, sikilizeni. Mbele ya kaka wa baba, bila kupewa ruhusa, nilisimama. Nikasema, "Mi njo muntu yake." Nikarudia kwa Kifaransa changu kibovu, nikajipiga kifuani, nikamwinua Ngoie. "Na kuna ndugu yetu Kabamba, alibakia ku nyumba. Mutoto huyu iko na bantu."

Hakuna aliyetafsiri. Mwanamke alikwisha kuelewa. Alikaa kitini kama mtu aliyekatwa miguu, akalia, na mume wake akamwekea mkono begani. Kisha akamwambia yule bwana maneno makali ambayo sikuyajua, akaja kwangu, akanishika mikono yote miwili. Machozi yake yalianguka juu ya vidole vyangu. Wakaondoka bila mtoto. Yule bwana hatujamwona tena.

Baba mkubwa alibaki kitini. "Mi nilizania banamulea tu," alisema. "Sawa vile balitulea siye." Jumapili iliyofuata aliita familia, akasema mbele ya wote kwamba Ngoie hatoki. Sasa akipata unga, anatugawia.

Bwana asifiwe! Aliyefungua kinywa cha baba mkubwa kuuliza swali lile ni nani? Mimi sikulifikiri. Mimi nilikuwa nimekaa pale kama jiwe!

Lakini sitawadanganya. Hofu bado inakuja. Jioni ile ile Ngoie aliniuliza kama yule mama mwenye nywele laini atarudi, na sikulala. Wiki iliyopita alikuwa na homa, na ile sauti ya hofu ndani yangu ikasema tena: ungemwacha aende. Nilimbeba, nikaenda kwa masista wenye zahanati, akapewa dawa, akapona. Sauti ile haikunyamaza, ila nilitembea nayo.

Na yule mwanamke namwombea kila siku, maana nyumba yake bado haina sauti. Mungu ampe mtoto ambaye kweli amekosa mtu, na watoto hao wapo. Wale wanaovuka bahari kutafuta mtoto, wengi wanasukumwa na kilio cha kweli. Sisi tunaowapokea, tuwaambie ukweli wote kabla hawajamshika mtoto. Na ninyi wakubwa wa familia, ulizeni maswali yenu ya kijinga. Yaulizeni mapema!

Kama hapa kuna yaya mwingine, amebaki na wadogo zake, na gari likisimama nje mikono yake inasimama, asikae na hofu hiyo peke yake. Mungu aliyenisimamisha uani Kasapa hajachoka. Niulizeni kwa fundi cherehani, nyuma ya kanisa. Njoo na wadogo zako. Kama kuna bukari tutakula, kama haipo tutaketi. Tutaogopa pamoja, na tutaomba pamoja, mpaka gari liondoke.