Mgonjwa wa Mazoezi, Mmoja

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliosimama juani kwa sababu viti havikutosha, familia imempa mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake mkubwa, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, kazi ya kuyasoma maisha ya mjomba wake, na imemwomba asome kwa upole, naye kusoma amekubali, huo upole ameahidi kuujaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba, na mama yake alipenda kusimulia kwamba alitoka kimya, hata mkunga akamzaba kofi la makalio, ndipo akapiga ukelele mmoja na kunyamaza tena. Ukubwani hakubadilika, kila jambo alililalamikia mara moja tu, mwenye masikio akasikia, asiyesikia shauri yake.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akamaliza darasa la saba akiwa wa tatu kwa hesabu na wa mwisho kwa kuimba, lakini hakuendelea na masomo, kwa kuwa baba yake alivunjika mgongo kiwandani mwaka huohuo na kuhitaji mtu wa kumwosha, kumlisha na kumgeuza, na kazi hiyo ikamwangukia yeye kwa miaka mitatu, mpaka mzee alipofariki akiwa na ngozi safi kama ya mtoto mchanga.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, akapakia masanduku kwa miaka kumi na miwili hadi kiwanda kilipofungwa, na tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kuwa mfagizi katika chuo cha wahudumu wa afya, yaani wale wanaoosha wagonjwa, kuwalisha, kuwatandikia na kuwageuza vitandani, kazi ambayo wakubwa huiita ndogo mpaka siku wanapolazwa wao.

Chuo hicho kilikuwa na vitanda vinne vya mazoezi na mgonjwa mmoja wa kufundishia, gunia lililoshindiliwa matambara, kichwa chake kikiwa ni mpira wa miguu, na tarehe 9 Juni 1983, wanafunzi walipokuwa wakilivuta gunia lile huku na huku, kichwa kilichomoka kikabiringika hadi mlangoni, kikasimama penye fagio la marehemu. Darasa zima likaangua kicheko, mkufunzi akashika kiuno, akamtazama mfagizi, akamwambia, "Baba, hebu lala hapo dakika kumi tu," naye akavua viatu, akalala, na dakika hizo kumi zikawa miaka ishirini na sita.

Siku hiyo ya kwanza wanafunzi walimshika miguu na mabega wakibishana wao kwa wao, huyu mzito, mvute kwako, na yeye, kwa desturi yake ya kulalamika mara moja, akasema, "Wanangu, mimi nipo hapa," mkufunzi akayaandika maneno hayo ubaoni, na yakawa somo la kwanza la kila mwaka, kwamba mgonjwa huambiwa kabla ya kuguswa, hata akiwa hajitambui. Mengine aliyaongeza mwenyewe, pasha mikono joto, funga pazia, mnyanyue, usimburure, nyoosha shuka, kwa sababu mkunjo wa shuka ukilaliwa saa mbili unakuwa kisu.

Tena alikuwa na ujanja wake, kabla ya kipindi alichomoa kifungo kikubwa cha koti mfukoni, akakiweka chini ya mgongo, akakilalia na kusubiri, na mwanafunzi ambaye hakupitisha kiganja chini ya mgonjwa hadi akakiona, hakupita mtihani wa vitendo, hata angekuwa na maandishi mazuri kiasi gani. Wanafunzi walimbandika jina la Mgonjwa, likamganda, watu wakawa wanaulizana mtaani Mgonjwa amekwenda wapi, wakijibiwa Mgonjwa anacheza bao, wala katika miaka hiyo yote hakuugua hata mafua ya kumlaza.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1978 na mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wote wapo hapa, na mke wake alikuwa akiwatania wageni kwamba ameolewa na mwanamume ambaye kazi yake ni kulala na bado anarudi nyumbani kachoka. Mama huyo aliugua mwaka 2014, akalala kitandani miezi minane, na mumewe akamgeuza kila baada ya saa mbili, hata akafariki mwezi Novemba bila kidonda hata kimoja mwilini.

Sasa tunafika mahali ambapo upole unakuwa mgumu. Mwezi Februari 2009 chuo kilipokea mwanasesere wa mpira mwenye nyaya tumboni, likaja tarumbeta, ukakatwa utepe, zikasomwa hotuba tatu, na wiki hiyohiyo mtunza stoo, rafiki yake wa bao, alimwonyesha daftari la zana za kufundishia, na humo, kati ya beseni za plastiki kumi na mbili na magongo jozi tatu, paliandikwa "mgonjwa wa mazoezi, mwanamume, mmoja," maneno hayo yamepigwa mstari mwekundu, na pembeni, kwenye safu ya hali ya kifaa, "chakavu, aondolewe." Rafiki yake alidhani atacheka, na kweli alicheka, kisha akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma akiwa amekishika kile kifungo, na alipofika nyumbani alimwambia mkewe kwamba beseni zimeandikwa kuwa nzima.

Akarudi kwenye fagio hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011, akapewa saa ya ukutani, na kitu kimoja alichokitaka, jina lake lisomwe pamoja na wakufunzi waliokuwa wakiagwa siku hiyo, hakukipata. Alisomwa mwisho, baada ya mlinzi, na alilalamika mara moja, kwamba yule mwanasesere halalamiki, na anayejifunzia kwa asiyelalamika atakuja kuwaumiza wanaolalamika.

Tarehe 3 Agosti 2023, akiwa jikoni kwake anaosha vikombe, alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na sauti ikapotea kabisa, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Kinyozi hajinyoi, na mtu aliyewafundisha mamia kumgeuza mgonjwa hakuweza kujigeuza.

Tarehe 14 mpwa wake alifunua shuka, na atasema alichokiona bila kukitafuna, kwa kuwa wengine wamekitafuna vya kutosha. Chini ya kiuno palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, chenye usaha, kinanuka, shuka limegandia humo, na juu yake kidogo, kimezama katika nyama ya mgongo, kifuniko cha sindano cha plastiki, ambacho mjomba alikuwa amekilalia kwa siku ambazo hakuna anayezijua. Kijana wa zamu alipoitwa alisema, "Fomu imejazwa, dada, amegeuzwa," akaongeza kwamba huyu mzee hasikii, akayasema hayo juu ya kichwa cha mzee, na mzee akafumba macho, chozi likateremka hadi sikioni. Tulisikia kinyaa, tunacho hadi leo, na si kinyaa cha usaha.

Marehemu aliaga dunia tarehe 22 Agosti 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Familia iliomba kuiona ile fomu, na siku hiyo ya kufa kwake imewekwa alama kwamba aligeuzwa saa sita mchana, saa nane, saa kumi na saa kumi na mbili jioni, mara nne, maiti iko chumba cha baridi, mara nyingi kuliko alivyowahi kugeuzwa kwa siku akiwa hai katika wodi ile. Hatuwalaani vijana hao, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wamelelewa na mwanasesere wa mpira, lakini waliowalea tunawajua, na mmoja wao ametuletea barua ya rambirambi inayomtaja marehemu kama mfanyakazi wa usafi aliyejituma, na familia imeamua barua hiyo isisomwe.

Tunamshukuru daktari aliyetuambia ukweli bila kutuzungusha, tunawashukuru majirani waliopika na kulala sebuleni kwetu, na mtunza stoo mstaafu, aliyekuja kwa magongo. Tunamshukuru kuliko wote mhudumu mmoja wa wodi ya akina mama, mwanafunzi wake wa mwaka 1996, aliyepata habari akaja siku nane za mwisho baada ya zamu yake, akasugua viganja hadi vikapata joto, akainama, akamwambia, "Mwalimu, sasa nakugeuza ubavu wa kushoto," na mjomba wetu, ambaye hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote katika jengo lolote, alimshika kidole kwa mkono wake mzima asikiachie mpaka alipolala usingizi.

Asubuhi ya leo mhudumu huyo na mpwa wamemwosha marehemu na kumlaza, wakapitisha kiganja chini ya mgongo wake, hakuna mkunjo, hakuna kitu, na kifungo cha koti tumekiweka mfukoni mwake, kwa sababu ni zana yake na haikuwahi kuwa ya chuo.

Watakaombeba ni wahudumu sita, wote walifundishwa kwa mwili wake, nao tunawaomba wasogee, wapashe mikono joto, wala wasimguse kabla hajaambiwa.

Mwalimu, sasa tunakunyanyua. Tutakwenda polepole, hatutakuburura. Pumzika kwa amani.