Barfi Nyeusi ya Idd

Njooni karibu nyote, na mlango uacheni wazi hewa iingie. Siraji, zima simu yako, wanaokutafuta watakupata kesho. Mimi kesho sina hakika nayo. Mastura, binti yangu mkubwa, kaa hapa miguuni nikuone, na uache kunipapasa paji la uso kila dakika, mimi si mkate. Na wewe Kadijah, najua umetoka Koboko na gari la asubuhi na umechoka, lakini usijifiche huko nyuma ya baba yako. Pita mbele. Maneno mengi ya leo ni yako, mjukuu wangu, na yataniuma mimi kuliko wewe.

Mambo ya mali hayana urefu. Nyumba hii ya Arua na kile kiwanja cha Koboko vitagawiwa kama dini inavyosema. Sheikh Abdunoor anayo karatasi, nimeibandika dole gumba mwenyewe, maana shule yangu iliishia darasa la pili na kalamu hatukuzoeana. Nguo zangu achukue Mastura, avae zinazovalika, zilizochakaa azifanye matambara, asizifungie sandukuni awe anazilia kila Ijumaa. Kinachobaki ni lile karai na kazi yake, na hapo ndipo mmekuwa mkinong'onezana mkidhani nimelala. Macho ndiyo yaliyofumba. Masikio hayakufumba.

Mnasema karai ni la Mastura kwa kuwa ndiye mkubwa. Mnasema barfi yangu mimi Sadiya, hiki kitamutamu cha maziwa na sukari, ni ya asili, alifundishwa na Mhindi mwenyewe, haifai kuguswa. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu uongo huo niliupanda mimi na ninataka kuung'oa kabla sijaondoka.

Mama Bhanu, mke wa yule Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa hapa mjini, hakunifundisha kitu. Nilikuwa msichana wake wa kuosha vyombo, na kila alipoanza kuchemsha maziwa alinitoa jikoni nikakae uani. Nilichojua, nilikijua kwa kuosha. Karai likitoka jikoni nililisoma kama Sheikh anavyosoma kitabu: hapa maziwa yalishika, hapa sukari iliingia mapema, hapa mtu aliacha mwiko akaenda kupiga soga mlangoni. Nilikwangua kwa ukucha, nikalamba, nikaelewa. Wahindi walipoambiwa waondoke nchini, alinipa karai, na msiseme alinipenda sana, ni kwa sababu halikuingia kwenye sanduku. Akaniambia, "Sadiya, hii iko moto kidogo-kidogo." Hayo ndiyo mafunzo yangu yote ya Kihindi.

Tena vita vilipokuja tukakimbilia Sudan, nilikwenda na hilo karai kichwani, Siraji mgongoni, Mastura ameshika gauni langu analia kwamba anataka kubebwa na yeye. Huko kambini maziwa ya ng'ombe tungeyatoa wapi? Nilipika kwa maziwa ya unga ya msaada, iliki hakuna, nikatia karanga za kusaga, na siku ya Idd watu walilamba sinia mpaka likang'aa. Kwa hiyo mkiniambia asili, ninawauliza, asili ipi? Mtu wa kwanza kuibadilisha barfi hii ni mimi. Nilirudi Arua, nikapata maziwa ya kijijini Aroi kwa mfugaji Ocokoru, nikaanza kujifanya haijawahi kubadilika tangu dunia iumbwe.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Mnajua barfi ya Idd hupikwa siku za mwisho za Ramadhani, mchana, mpishi amefunga. Haonji. Anayo pua tu. Maziwa yakipungua jikoni yanabadilisha harufu: kwanza yananuka kama ndama, halafu kama mkate, halafu kama karanga iliyoiva, hapo ndipo unatia samli na sukari na kuepua haraka. Harufu ya nne ni moshi, na ukiisikia hiyo umeshachelewa. Mimi sikuwahi kuchelewa. Lakini ile homa ya kifua niliyougua mwaka juzi ilipoondoka, iliondoka na pua yangu. Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Kwamba Sadiya wa barfi hasikii tofauti ya iliki na mafuta ya taa? Nikawa napika kwa kutazama saa ya ukutani na kusikiliza sauti ya mwiko, na mwaka wa kwanza Mungu akanisitiri.

Idd iliyopita hakunisitiri. Mastura, ulikuwepo. Nilimwaga barfi kwenye sinia, nyeupe, nzuri, nikaifunika kitambaa, nikaenda kuswali, kisha nikalala. Asubuhi ya Idd, wageni wamejaa sebuleni, Sheikh na watu wake wamekaa, nikafunua kitambaa na nikakuta barfi yangu ni nyeusi kama udongo wa bondeni. Chokoleti. Nikauliza nani, na Kadijah, anayeniita haboba, yaani bibi, akasema, "Ni mimi, haboba." Nilichomwambia mtoto huyu mbele ya watu wote mnakikumbuka. Nilisema amepaka mavi ya mbuzi juu ya kazi yangu ya miaka hamsini. Nilisema mkono wake usiguse tena mwiko wangu mpaka nife. Wageni walicheka, wakadhani ni mdomo wangu wa kila siku. Kadijah alikusanya vikombe, akaviosha, jioni akapanda gari akarudi Koboko, na mwaka mzima umepita hajakanyaga jikoni hapa.

Siku ya tatu nilitafuta karai nikalikuta nyuma ya nyumba, limelowekwa kwenye maji ya majivu. Nani analoweka karai la barfi kwenye majivu, ya kung'olea kilichoungua? Nikaketi chini, nikakwangua kwa ukucha, kama zamani kwa Mama Bhanu. Lilitoka gamba jeusi, gumu, nene kama ganda la kobe. Maziwa yalikuwa yameungua, wanangu. Yameungua tangu chini, na moshi umeingia barfi yote, na mimi nimesimama juu yake na mwiko sikusikia kitu.

Yaliyobaki niliyaunganisha mwenyewe. Kadijah siku hiyo hakuwa amefunga, zilikuwa siku zake, wanawake mnaelewa. Alionja. Akajua haboba yake ameiunguza na hajui kama ameiunguza. Angeweza kuniamsha aniambie. Angeweza kuniacha niaibike mbele ya Sheikh. Yeye alikwenda dukani kwa Sidonie, yule Mkongomani, akanunua chokoleti ile chungu, akaibomoa barfi yote, akairudisha motoni kwenye sufuria nyingine na maziwa kidogo, akayeyusha chokoleti humo mpaka ladha ya moshi ikamezwa. Asubuhi akasimama akatukanwa badala yangu. Na watu waliipenda, mnajua hilo? Mpaka leo Sidonie akiniona sokoni ananiuliza, "Mama, ile ya chokoleti iko wapi? Kuna mutu anaisumbukia kila siku."

Kwa hiyo nimejua tangu siku ya tatu. Siku ya tatu, na leo ni mwaka. Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza. Kwa sababu kumwomba radhi ni kusema pua imekufa, na kusema pua imekufa ni kusema mimi si Sadiya tena. Niliona ni rahisi mtoto abaki na matusi kuliko mimi kubaki bila jina. Huo ni ubaya, na siupambi. Niliufanya nikiwa na akili timamu, kila asubuhi nikiamka naufanya tena.

Sasa basi. Karai ni la Kadijah, na kazi ni yake. Mastura, usikunje uso, wewe una mkono wa haraka, tangu njia ya Sudan unataka kubebwa ufike. Sinia kubwa la shaba ni lako, na yeye atakuletea barfi kila Idd kabla ya mtu yeyote, nimeamuru. Siraji, usimwambie mwanao atafute kazi ya maana. Hii ina maana.

Na wewe mpishi, sikiliza, maana kuokoa barfi iliyoungua ni jambo moja na kuipika na chokoleti tangu mwanzo ni lingine. Chokoleti itaziba harufu ya maziwa, ndiyo maana niliiogopa. Pika maziwa yako kwanza mpaka harufu ya karanga. Epua. Ngoja mpaka uweze kuweka kiganja ubavuni mwa karai usikitoe. Hapo ndipo uikune chokoleti, uitie, ukoroge polepole. Ukiitia motoni itakatika, mafuta yatakaa juu na utalia. Sukari punguza. Iliki usiiache, weka nusu. Na Ocokoru akileta maziwa mepesi akakuambia ng'ombe amenyeshewa, mwambie arudi nayo kwake akaoge.

Nimechoka. Mniinue kidogo. Hivyo.

Niliyasema mbele ya watu, na mbele ya watu nayaondoa. Kadijah, nilikukosea. Nilikutukana kwa wema wako, nikajua, nikanyamaza. Nakuomba unisamehe, na nakuomba hapa, Sheikh yuko mlangoni anasikia, na wewe mwenyewe Sheikh uliila ile barfi vipande vinne.

Unasemaje? Umenisamehe tangu siku ile ile? Acha uongo, mtoto. Siku ile ulibamiza vikombe mpaka kimoja kikakatika mkono. Usinipe adabu, mimi naondoka, adabu nitaifanyia nini huko? Sema ya kweli, hata kama ni kwamba bado.

Usilie kwanza. Sema, halafu ulie.

Eeh. Leo. Umenisamehe leo, sasa hivi, na uchungu bado upo kidogo. Hiyo naichukua. Hiyo ni yangu, naenda nayo.

Basi Mwenyezi Mungu akupe pua nzima mpaka uzee. Akupe subira ya mikono. Awape ninyi wote... msigombane, nimesema, nyumba ni ndogo lakini... awape riziki ya halali na majirani wenye njaa ya vitu vyenu. Mastura, Mungu akupe unalolitaka bila kulikimbilia. Siraji, mwanangu, akuweke. Mnizike upesi, msingoje watu wa mbali. Mtakaokosea semeni mapema. Msikae mwaka, mwaka ni mrefu, mimi... ni mrefu mno.

Sauti inakwisha. Kadijah, sogea sikioni. Sema tena. Mara moja tu.