Mama Mpawe, Aliyehamisha Mtaa Bila Kuwatenganisha Majirani

Bi. Immakulata Niyonsaba, mtendaji wa Mtaa wa Kagezi hapa Kasulu, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Wanaomwita kwa jina hilo ni wachache. Kwa wengi wetu yeye ni Mama Mpawe, kwa ajili ya mwanawe wa kwanza, Mpawenimana, na siku hizi hata barua za ofisini zinamfikia kwa jina hilo la nyumbani.

Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika habari zake. Walimu walikuwa na mitihani, na makarani walisema wanamjua zaidi kwa sauti ya simu. Kazi ikaangukia kwetu vibarua wa mradi wa ujenzi, kwa kuwa ndio tuliozunguka naye mtaani tukibeba kamba na vigingi vya kupimia. Aliyeshika kalamu aliishia darasa la saba huko Tandahimba, basi msomaji asitafute maneno makubwa humu.

Mama Mpawe alizaliwa Kitahana, Kibondo, kwa wazazi wakulima wa maharage na muhogo. Alianza kazi mwaka 1994 kama karani wa kijiji upande wa Kumsenga, akapewa baiskeli ya serikali. Wazee wa huko bado wanacheka wakikumbuka: milima alikuwa anaipanda amekaa juu ya baiskeli, na mteremko anaushuka kwa miguu akiikokota, kwa sababu hakuziamini breki. Baadaye alihamishiwa vijiji vya jirani na Mtabila, na alikuwepo mwaka 2012 kambi ya wakimbizi wa Burundi ilipofungwa. Kuhusu siku zile hasemi mengi. Anasema tu kwamba aliona wanawake wawili, waliokuwa wakipika ukuta kwa ukuta kwa miaka, wakipandishwa magari mawili tofauti, na kila mmoja akimpigia mwenzake kelele amtunzie sufuria.

Alifika Kagezi mwaka 2014. Mtaa ule wa zamani, waliouona wanaukumbuka: vichochoro vyembamba nyuma ya soko, bati zilizogusana, harufu ya dagaa na ya mkaa, na mtaro uliofurika kila mvua iliponyesha. Hapakuwa pazuri, tuseme ukweli. Lakini kila mtu alijua kikohozi cha jirani yake.

Anayemjua Mama Mpawe anaijua salamu yake. Anaanza na "Mwakeye," anapiga makofi polepole kama mama wa Kiha alivyolelewa, kisha anauliza watoto, mbuzi, mguu uliokuwa unauma, na muhogo kama umekauka. Bila hayo haanzi jambo lolote. Mwaka 2022 mradi mkubwa ulipokuja, wa kujenga upya stendi na soko, barabara ya lami na mtaro wa zege, ukaja na mhandisi kutoka Dar es Salaam, dada mmoja kijana aitwaye Firdausi. Siku ya kwanza alisimama juani na ramani yake huku Mama Mpawe akisalimia mlango wa tatu.

"Mama, kwa mwendo huu tutamaliza lini?"

"Kama una haraka tangulia, mwanangu. Ila huko mbele hawatakufungulia."

Injinia alitangulia. Hawakumfungulia. Kuanzia siku hiyo na yeye akajifunza kupiga makofi.

Mradi ulitaka Kagezi yote ihame, nyumba arobaini na kitu, ipande kwenye viwanja vipya vya mlimani ambako maji yamevutwa. Kuhusu fidia watu walizozana kama watu wanavyozozana, na yakaisha. Kilichokwama ni viwanja vyenyewe. Ofisi ya mradi ilipanga watu wachague kwa kura, kila mmoja aingize mkono kwenye ndoo atoe namba. Ilionekana haki, na watu wakaifurahia mpaka namba zilipoanza kutoka. Waliokaa pamoja tangu ujana wakajikuta mmoja juu kabisa na mwingine chini korongoni.

Hapo akasimama Akimana, muuza maharage. Akimana aliletwa nchini akiwa mtoto mgongoni, akakulia kambini, akaolewa hapa, na leo ni raia kama mimi na wewe. Alishika ile namba yake ya korongoni akairudisha kwenye ndoo.

"Mimi nimehamishwa mara tatu," alisema. "Nyumba kila mara nilipata. Mtu wa kumwomba moto ndiye niliyechelewa kumpata. Safari hii sihami peke yangu."

Kwa asiye wa huku, jambo hili lahitaji maelezo. Jiko likizima, mtu wa hapa hakimbilii kiberiti. Anachukua kigae au jiko la mkaa, anakwenda kwa jirani kuomba makaa mekundu. Na huombi kwa yeyote. Mnayepeana moto ndiye atakayejua kwamba leo hukuamka, au mtoto ana homa, au mumeo hajarudi. Watu waliposikia maneno ya Akimana wakaanza kurudisha namba kwenye ndoo, mmoja mmoja. Hakuna aliyesaini karatasi za kuhama. Ofisi ya mradi nayo ikatoa neno lake: wasipokubaliana kabla ya mvua za Oktoba, mkandarasi ataondoka na mradi utapelekwa mji mwingine. Kagezi ingebaki na mtaro wake.

Mama Mpawe akaomba nafasi ya kupanga viwanja upya, majirani wabaki majirani. Aliita kikao darasani, akataka kila nyumba itaje inaomba moto kwa nani. Wa kwanza kuinuka alikuwa Mzee Athuman Saady, mwenye duka la kona, ambaye babu yake alitoka pwani na biashara. Katika ile kura alikuwa amepata kiwanja cha kona mbele ya stendi mpya, na namba yake hakuirudisha.

"Mimi mnitoe," alisema. "Nyumbani kwangu tunatumia gesi. Mara ya mwisho kushika makaa, huyu Injinia alikuwa hajazaliwa."

Watu wakacheka. Aliyefuata akasema yeye huomba moto kwa Mzee Athuman. Wa tatu naye, kwa Mzee Athuman. Wa nne vilevile. Mpaka jioni karibu nusu ya mtaa ilikuwa inaomba moto kwa mtu aliyetoka kusema hana moto. Injinia Firdausi alitazama mchoro wake, akamtazama Mama Mpawe.

"Mama, hapa itabidi tumweke mzee katikati ya uwanja wa mpira, mtaa wote umzunguke."

Kosa lilikuwa la Mama Mpawe mwenyewe, na hakulikwepa. Mtu wa huku hawezi kumtaja jirani mmoja mbele ya mwingine aliyeketi pale akisikia. Ingekuwa kumwambia yule wa pili kwamba yeye si kitu. Basi kila mtu alimtaja mwenye mvi nyingi, ili asimkosee yeyote. Vikao vyote vya Kagezi amevisimamia yeye, na hilo alilisahau siku moja tu, siku ambayo lilihitajika.

Hakuita kikao kingine. Alianza kuzunguka saa za kupika, asubuhi na jioni, akikaa kwenye vigoda vya watu, akimenya nao muhogo, akiangalia makaa yanatoka mlango gani yanaingia mlango gani. Ilichukua wiki nyingi. Sisi vibarua tulinung'unika, kwa maana siku isiyo na kazi haina ujira, na kuna waliomwita bibi wa majikoni. Aliyasikia. Aliporudi ofisini alikuwa anapanga magunzi ya mahindi sakafuni, kila gunzi nyumba moja, akiyasogeza kama mtoto achezaye, na Injinia anayapiga picha kwa simu ili akachore. Mara moja mfagiaji aliamkia kazini akafagia mtaa wote akautia kwenye pipa. Mama Mpawe aliketi chini akaupanga tena, akicheka.

Gunzi moja lilimsumbua. Akimana alikuwa anapokea moto kwa nani? Akiulizwa, alicheka tu, akisema si siri yake peke yake.

Jioni moja tulikuwa tunarudi na kamba zetu, Mama Mpawe mbele, tukakutana kichochoroni na Mzee Athuman. Kanzu ameikunja kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika jiko la mkaa linalowaka, na anatembea haraka kama mwizi. Nyuma yake mlangoni alisimama Akimana na koleo.

"Mwakeye, Mzee wangu," Mama Mpawe akasalimia, na akaanza makofi yake yote, bila kuruka hata moja. "Watoto hawajambo? Mbuzi?"

"Mama Mpawe, naungua!"

"Pole. Gesi imekuwa nzito hivyo?"

"Mtungi umeisha leo," akasema mzee.

"Unaisha kila Ijumaa," akadakia Akimana. "Na Jumanne."

"Nyamaza wewe, muuza maharage yasiyoiva!"

"Hayaivi kwa kuwa moto wangu uko kwako, Mzee."

Mke wa mzee, Bi. Asmahani, alikuwa ametoka kusubiri jiko. Kumbe ni yeye na Akimana wanaopeana moto miaka yote hiyo, na gesi ilikuwa ya kuonyesha wageni. Alimpokea mumewe lile jiko, akaliweka chini, akasema neno ambalo Kagezi inalirudia mpaka leo:

"Kona ni yako, Baba Saady. Utakaa huko wewe na mtungi wako. Mimi nakwenda aliko Akimana."

Lilikuwa jambo zito, tusilifanyie mzaha tu. Kiwanja cha kona mbele ya stendi ni riziki ya mfanyabiashara na ya watoto wake. Mama Mpawe hakumsukuma. Alimwambia afikiri, akaenda zake. Siku kadhaa mzee alifungua na kufunga duka lake kama kawaida. Kisha akamwendea Mama Mpawe ofisini, akavua viatu mlangoni ili asiyakanyage magunzi, akachukua lile lake la kona akaliweka kando ya la Akimana.

"Wateja watanifuata," alisema. "Mke hatanifuata."

Habari ilipotoka kwamba Mzee Athuman ameachia kona, waliokuwa wameng'ang'ania viwanja vizuri waliona aibu, na mtaa ukasaini kabla ya mvua. Si wote. Nyumba mbili hazikukubali, zikachukua fidia zikahamia Kibondo. Mama Mpawe anasema hao aliwashindwa, na kila akienda kwao Kitahana hupita kuwasalimia.

Siku ya kuhama ilikuwa Jumamosi. Malori yalikuwepo, lakini Akimana alikataa kupanda. Alibeba makaa kwenye chungu kilichovunjika mdomo, akapanda mlima kwa miguu, na Bi. Asmahani nyuma yake akipepea kwa kawa yasizime. Jioni ile moshi ulionekana kwenye viwanja vipya kabla ya milango kutiwa bawaba. Vibarua tumejenga miji mingi, na mara nyingi hatujui waliotoka pale walikwenda wapi. Hawa tunawajua. Tukipita tunaitwa kula.

Si sifa tupu. Mama Mpawe ana maneno mengi, taarifa zake za mwezi hufika mwezi unaofuata, na akikasirika husahau Kiswahili akamaliza kwa Kiha. Lakini hakuna mtu aliyeingia ofisi yake akatoka hajasalimiwa.

Yeye mwenyewe hakuwa na gunzi pale sakafuni. Alikaa nyumba ya kupanga, na mpangaji hapewi kiwanja. Sasa anarudi Kitahana, kwenye nyumba ya wazazi iliyofungwa miaka mingi, ambako waliomlea wamekufa na waliobaki wanamjua kwa jina tu. Watu wa Kagezi walimwomba abaki. Amekataa. Anasema amewahamisha watu vya kutosha, naye ni zamu yake.

Basi wamekata shauri lao. Akimana na Bi. Asmahani watamsindikiza mpaka Kitahana, na Mzee Athuman amelipia gari. Wanataka kumwona kwa macho yao huyo jirani wa ukuta wa pili, atakayekuwa mtu wake wa kumwomba moto huko. Wakikuta ni mtu wa kulala mpaka jua liwe kali, wamesema watapakia vitu upya na kurudi naye Kasulu, astaafie kwao.

Asante, Mama Mpawe, kwa miaka yote na kwa miguu yako. Mungu akupe afya, mvua ya wakati, na mtu wa kumgongea asubuhi.

Nurudini, kwa niaba ya vibarua wa mradi, Kasulu.