Gari Lililolala na Blanketi

Wasikilizaji wapendwa, mlio na redio zenu na mnaosikiliza ya jirani kupitia ukuta, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mzee Gaudence Komba wa Mshangano, hapa hapa Songea. Alikuwa dereva. Narudia, alikuwa dereva, na tumemzika kabla hajaifanya safari moja aliyoitaka kuliko zote.

Safari hiyo ilikuwa ya Mbesa, kule Tunduru. Mkewe, Bi Lidwina, ana dada yake huko, Bi Kunegunda, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Miguu ya Bi Kunegunda imegoma, hatoki kitandani. Alipiga simu akasema, "Lidwina, njoo nikuone uso. Sauti nimeichoka."

Watoto walitaka mama yao apande basi. Mzee akakataa katakata. "Nimebeba mama wa watu maisha yangu yote. Wa kwangu nimkabidhi kwa kondakta?"

Basi tuliangalie hilo gari lake. Lilikuwa pikapu kuukuu, rangi ya maziwa yaliyolala. Mzee alilinunua likiwa limeshachoka, akalipenda hivyo hivyo. Bi Lidwina aliliita mke mwenzangu. "Linasalimiwa kabla yangu," alituambia. Akacheka.

Shida ya gari ilikuwa alfajiri. Narudia: alfajiri tu. Mzee anawasha, stata inazunguka, injini inakohoa, inashika kidogo, inatetemeka kama mtu mwenye homa, inamisi, yaani moto unakatakata, kisha inazima. Harufu ya petroli inajaa uani. Anarudia mpaka betri inachoka. Majirani wanatoka na vitenge mabegani, wanasukuma hadi barabarani. Haliwaki. Wanalirudisha.

"Mzee Komba ametusaidia," jirani yake Iddi alikuwa akisema. "Kitambi changu hakipo tena."

Akaitwa Fundi Majaliwa. Alifika jua limeshapanda.

"Shikamoo, mzee. Hebu washa."

Mzee akawasha. Gari likawaka, likatulia, likanguruma kama paka aliyeshiba. Fundi akamtazama mzee. Mzee akatazama chini.

"Lilikuwa linamisi, Majaliwa. Haki ya Mungu."

"Sikatai, mzee. Ila mbele yangu lina adabu."

Hata hivyo fundi alitafuta. Akabadilisha plagi. Alfajiri likamisi. Akasafisha kabureta. Likamisi. Akabadilisha waya za plagi, kisha koili, na bado. Rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ilikuwa inavuja kidogo, akasema hiyo haimisishi gari, wataiziba baadaye. Ikumbukeni hiyo rejeta. Fundi akija mchana, gari limepona. Akiondoka, kesho yake linaumwa.

Mtaniuliza, kwa nini wasiondoke mchana? Macho ya Mzee yalikuwa hayaoni vizuri giza likiingia, na Mbesa ni mbali. Ilikuwa lazima kuondoka alfajiri, kukianza tu kupambazuka, wafike kabla jua halijazama.

Sasa niwaambie jambo ambalo fundi hakuambiwa. Mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita. Kila jioni Mzee alilizungusha gari kidogo kulijaribu. Akirudi, alifungua boneti, akaifunika injini ingali ya moto kwa blanketi zito la kijivu, akalibana pembeni kama anamlaza mtoto. Alfajiri alilitoa kabla majirani hawajaamka, akalificha ndani. Aliona aibu. Dereva mzima, analivika gari blanketi.

"Baba Fortunata," mkewe alimwambia, "mke mwenzangu analala na blanketi, mimi na kitenge."

"Wewe una mimi," Mzee akajibu. "Lenyewe lina nani?"

Siku ile ya mwisho mfuko wa safari ulikuwa mlangoni. Maharage, sukari, na shali ya dada. Mzee alikaa kizingitini avae viatu. Bi Lidwina alikuwa jikoni akifunga maandazi, anasubiri kusikia stata. Hakuisikia. Alipotoka, Mzee alikuwa ameegemea mlango, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Moyo ulikuwa umesimama. Blanketi lilikuwa bado ndani ya boneti. Binti yake Fortunata alilitoa, akamfunika bibi kizee mmoja aliyelala uani msibani.

Baada ya maziko, Otto, mdogo wake Mzee, alilichukua gari jioni kwenda kuchota maji ya msiba. Akalirudisha likiwa la moto, likalala bila kufunikwa. Alfajiri, baridi ya kukata masikio, akataka kulisogeza wapishi wapate nafasi. Akaita watu waje wasukume. Kabla hawajafika akajaribu ufunguo.

Gari likawaka. Halikukohoa. Halikumisi.

Fundi Majaliwa, aliyekuwa amelala msibani, alikuja mbio. "Mmelifanya nini?"

"Hatujaligusa," Otto akajibu.

Bi Lidwina alikuwa amekaa kwenye mkeka, ndani, dirisha wazi. Akauliza taratibu, "Jana mlilifunika kwa blanketi?"

"Blanketi lipi tena, shemeji? Si analo yule bibi aliyefunikwa na Fortunata?" Otto akajibu.

Ndipo akamweleza fundi habari ya blanketi, yote. Fundi akakaa juu ya bampa.

"Mama, ule mvuke wa rejeta ulikuwa unapanda, blanketi linauzuia, unageuka maji, unalowesha disibyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi. Ikilowa, moto haufiki kwenye plagi. Jua likipanda inakauka. Mimi nakuja mchana, naikuta kavu."

Otto alikuwa anafurahia gari tu. "Shemeji, gari limepona. Twende Mbesa hata leo."

Kisha akakumbuka. Mjane hatoki kabla ya arobaini. Wazee walikuwa wamekwisha kusema. Akabaki na mkono kwenye usukani, gari linanguruma taratibu, zuri, kama Mzee alivyokuwa akilitaka.

"Zima, Otto," Bi Lidwina akasema. "Baba Fortunata asije akasikia."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bi Lidwina, Fortunata, Otto na ukoo wote wa Komba. Tunampa pole na Fundi Majaliwa, maana naye hajalala vizuri tangu siku hiyo. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna jambo unalifanya kwa mapenzi, na unalificha kwa aibu, mwambie fundi. Atacheka. Mwache acheke.

Na Bi Kunegunda, kule Mbesa, kama redio iko karibu na kitanda: mdogo wako hajakusahau. Vumilia, mama. Mfuko haujafunguliwa, bado uko pale pale mlangoni.