Pete ya Hadubini Iliyonyooshwa

Mgeni rasmi, Profesa Oloo, mkuu mpya wa maabara hii: sisi wafagizi na walinzi wa jengo tunakukaribisha Doha. Chai ya tangawizi ipo, na mandazi yamekaangwa kwetu, mtaa wa Muaither, asubuhi hii. Ila utuvumilie kidogo, maana lipo jambo limetukaa kooni mwaka mzima.

HISTORIA

Tulitoka hoteli za West Bay, hapahapa Doha, mwaka 2013. Huko tulifundishwa kutoacha kitu kikae upande: lebo ya chupa imtazame mgeni, mito ilingane. Tukaja na mazoea hayo hapa.

MAFANIKIO

Vumbi hulioni. Tena tulipata elimu tusiyoitafuta. Mwanahamisi, mwanafunzi kutoka Tanga, alimwona mwenzetu Loice akipiga deki, akamwita kwenye hadubini.

"Dada Loice, njoo uone. Kila nukta ni molekuli moja. Mwanga ukifuata ilivyolala, inang'aa, ukiikatiza, inafifia. Nazungusha pete hii, napima, najua imelalia wapi."

Loice alitazama mpaka jicho likamtoka machozi. Miaka yote ya kufagia, hakuna aliyewahi kumwonyesha kitu.

CHANGAMOTO

Changamoto, Profesa, ni sisi wenyewe. Machi mwaka jana Loice aliifuta pete ile, akaona alama yake imekaa upande. Akainyoosha hadi sifuri, kwa upendo kabisa. Kumbe Mwanahamisi aliitega makusudi kwenye nyuzi kumi na saba.

Vipimo vya wiki hiyo vikakataa kuoana na vya nyuma. Molekuli zilezile, zilizogandishwa kwenye kioo, zikaonekana zimegeuka. Mwanahamisi akaambiwa amepika majibu. Akaapa kwamba pete aliiacha kwenye kumi na saba. Tukaulizwa nani aliigusa. Loice alitutazama, sisi tukajibu kwa pamoja kwamba vitu vya wataalamu hatuvigusi. Tuliogopa Loice atakatiwa tiketi ya kurudi kwao, naye aliogopa zaidi yetu.

Siku ya kurudishwa kwao, Mwanahamisi alituaga mmoja mmoja. "Kama niliwakosea, mnisamehe." Tunajuta, Profesa. Tunajuta sana.

OMBI

Hatuombi sare wala friji. Vipimo vya wiki ile bado vimo kwenye kompyuta. Virekebishwe kwa nyuzi hizo kumi na saba, uone kama havitaoana. Halafu binti aitwe, arudishiwe nafasi yake. Adhabu ikiwapo, iende inakostahili.

Mungu akupe moyo wa kutazama mara ya pili.

Ni sisi, wafagizi na walinzi wa maabara, Doha, 2015.

Anayeisoma risala hii ni Loice mwenyewe.