Bwana Yukowapi na Mstari wa Wasiojulikana

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wa zamani na wa sasa, nanyi wanafunzi mliojaa mpaka nje ya uzio, familia inawaomba msikilize kwa utulivu maisha ya mzee wetu, ambaye nyumbani tulimwita Baba, ofisini aliitwa Mwalimu wa Taaluma, na mtaani, kuanzia geti la shule hadi sokoni, aliitwa Bwana Yukowapi, jina ambalo mwanzoni hakulipenda, lakini mwishowe alikuwa analiitikia kabla hujalimaliza.

Mzee wetu alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Agosti 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, baba yake akiwa fundi wa kupaka rangi mabehewa na mama yake muuza maziwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kumaliza mwaka 1972, na katika darasa la sita aliwahi kuadhibiwa kwa sababu ya swali moja tu, kwani mwenzake aliyekaa naye dawati moja aliacha kuja shuleni, yeye akasimama na kuuliza, "Mwalimu, yule yuko wapi?" akaambiwa akae chini asipoteze muda wa wenzake, akauliza tena, akachapwa. Hakuwahi kujua yule mwenzake aliishia wapi, na kisa hicho alikuwa akitusimulia bila uchungu, huku akijipapasa mkono.

Alisoma sekondari kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, akafanya kazi ya ukarani wa stoo kwa miaka miwili, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1979 na kuhitimu tarehe 27 Novemba 1981 kama mwalimu wa hisabati na jiografia. Alifundisha shule yake ya kwanza kwa miaka tisa, na tarehe 14 Januari 1991 akahamishiwa shule hii yetu ya sekondari ya serikali iliyoko pembezoni mwa mji, pale barabara ya lami inapokwisha, ambako hakuhama tena mpaka alipostaafu.

Yeye na Mama yetu, ambaye ni fundi cherehani, walifahamiana kwa sababu ya suruali moja ya kijivu, ambayo marehemu aliipeleka kupunguzwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, hadi Mama akamwambia mbele ya wateja, "Kaka, ukirudi tena itakuwa kaptura, sema unalotaka." Akasema, na ndoa ikafungwa tarehe 20 Aprili 1985, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa mwaka 1986, kijana wa pili mwaka 1990, na kitindamimba mwaka 1995, na mpaka anatutoka alikuwa na wajukuu saba, ambao wote alijua vizuri wamekaa dawati la ngapi.

Mwaka 1996 aliteuliwa kuwa mwalimu wa taaluma, na ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi wenu mnamfahamu nayo, yaani ile karatasi moja ya kurasa mbili aliyoiita Sura ya Shule, inayoambatana na maombi ya kila mhitimu anayetafuta nafasi chuoni, ikieleza shule ina wanafunzi wangapi na walimu wangapi, masomo gani yanafundishwa, alama zinatolewaje, wangapi wamefaulu na kwa daraja gani, ili yule anayesoma maombi ya mtoto wetu akiwa mbali ajue mtoto huyo ametokea wapi. Mwaka 1999 aliandika humo kwamba fizikia haikufundishwa muhula mzima kwa kukosa mwalimu, mkuu wa shule wa wakati huo akamwita na kumwambia, "Unatuvua nguo hadharani," naye akajibu kwa upole, "Mkuu, nguo tunavaa sisi, baridi wanapata watoto," na sentensi ile ikabaki, na mwaka huo chuo kimoja kikaandika barua kwamba kitawapokea watoto wetu wanne kwa sharti la kusoma fizikia ya ziada.

Lakini kilichoitofautisha Sura yetu na za shule nyingine ni mistari mitano ya chini, aliyoibuni mwenyewe, inayoeleza wahitimu wa mwaka uliopita wako wapi: walio vyuoni, wanaojifunza ufundi, walio kazini au wanaolea nyumbani, wanaorudia mtihani, na mstari wa mwisho, wasiojulikana. Kanuni yake ilikuwa kwamba haandiki neno la mtu ila alilolisikia kwa mhusika mwenyewe au aliloliona kwa macho, kwa hiyo kila mwaka kuanzia Februari, akitoka kazini, alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake la jalada jekundu, akibisha hodi na kuuliza, "Yuko wapi?", na ndiyo asili ya jina lake. Wapo waliomkimbia wakidhani ni mkusanya kodi, na wapo waliomfungia mbwa ili apite. Kwa miaka ishirini na sita mfululizo, mstari wa mwisho ulisomeka sifuri.

Kabla karatasi haijakwenda kupigwa mhuri, alikuwa akimsomea Mama kwa sauti huku Mama anashona, kwa kuwa Mama aliishia darasa la saba, na marehemu alisema kinachoeleweka kwake kitaeleweka kwa kila mzazi. Cherehani ikiendelea kulia, sentensi imepita, ikisimama, sentensi ina kasoro na inaandikwa upya. Alistaafu tarehe 3 Agosti 2018, lakini mkuu wa shule, mama ambaye yupo nasi hapa leo, alimwomba aendelee na Sura kwa kujitolea, akampa meza karibu na dirisha la maktaba, naye akahesabu kwamba hajastaafu bali amebadilishiwa kiti.

Februari 2023 alianza kuvimba miguu, na vipimo vikaonyesha tatizo la figo, lakini hakuacha kutembea na daftari lake. Wahitimu wa mwaka uliopita walikuwa mia moja themanini na saba, na kufikia mwisho wa Juni alikuwa amebakiza binti mmoja tu, aliyekuwa akiishi na shangazi yake nyuma ya kiwanda cha matofali. Alipofika pale alikuta nyumba imefungwa, jirani akamwambia binti ameolewa, kwani alimwona kwa macho yake akiondoka na sanduku, na mwanamume amebeba godoro nyuma yake. Marehemu alikuwa amechoka, miguu inauma, akaandika, "ameolewa, yuko nyumbani," akarudi. Jioni alipokuwa anasoma, cherehani ikasimama. Mama akauliza, "Nani kakwambia?" Akajibu, "Jirani." Mama alikata uzi kwa meno na kumtazama, na marehemu akachukua kifutio.

Asubuhi yake, Ijumaa tarehe 30 Juni, ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi, na mkuu wa shule alimsihi, "Mwalimu, andika ameolewa tusonge mbele, nani atauliza?" Marehemu akasema, "Mimi," lakini hakutaka watoto wote waliokuwa wakiomba vyuo wachelewe kwa sababu ya mmoja, kwa hiyo Sura ikapigwa mhuri na kuondoka ikiwa na vyuoni 74, ufundi 58, kazini na nyumbani 43, wanaorudia 11, na wasiojulikana mmoja. Tangu siku hiyo ule mmoja ulimkaa rohoni, akawa anautaja kuliko figo zake, na daktari akimuuliza, "Unajisikiaje, mzee?" anajibu, "Nimepungukiwa mmoja."

Alipolazwa tarehe 16 Oktoba, alimkabidhi Mama daftari jekundu, na Mama, ambaye miaka yote hiyo alikuwa hakimu wa kukaa, akaingia barabarani. Alikwenda nyuma ya kiwanda cha matofali mara tano, akauliza wateja wake, akauliza wauza mboga, mpaka fundi viatu wa pale kwenye kona akacheka na kumwambia, "Mama, bibi harusi gani analeta buti za kiume kuongezwa soli? Yule yuko kwa mjomba wake, kitongoji cha pili, anajifunza kusuka mota, zile nyaya za ndani zikiungua." Kumbe yule mwanamume wa godoro alikuwa mjomba.

Jumanne tarehe 31 Oktoba, saa kumi alasiri, binti huyo aliingia wodini akiwa na buti zake, vidole vimegandwa na vanishi ya mota, akasimama miguuni pa kitanda na kusema, "Shikamoo Mwalimu, nasikia uliniozesha, na mimi sikualikwa." Marehemu alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, kisha akamtaka aonyeshe mikono yake, akaitazama pande zote mbili, akauliza mota ya kwanza kuisuka peke yake ilikuwa ya nini, akaambiwa ya pampu ya maji, akauliza kama ilizunguka, akaambiwa ilizunguka. Alhamisi ya wiki hiyo, tarehe 2 Novemba, mkuu wa shule alikuja hospitali na mhuri ndani ya mkoba, Mama akaweka mto chini ya karatasi, na marehemu akaandika kwa mkono wake, ufundi 59, wasiojulikana 0, nakala ya marekebisho ikapigwa mhuri palepale kwenye meza ya dawa, na siku hiyo alikula chakula chote.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, Mama akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, hasa yule muuguzi aliyeruhusu wageni kupita idadi, majirani mliobeba viti na maji, walimu wenzake, mkuu wa shule, fundi viatu wa kona, na kila nyumba iliyowahi kumfungulia mlango alipobisha hodi. Daftari jekundu lipo kwenye meza ya maktaba, na binti wa mota ameomba kuanza kupita nalo Februari, siku za Jumamosi.

Baba, mwaka ujao wakituuliza uko wapi, tutawajibu, kwa maana tumekuona kwa macho yetu na tumekusindikiza wenyewe. Pumzika kwa amani, Mwalimu, hesabu imetimia.